Baiskeli Zilizolazwa Langoni

Kudra hakumtafuta Athanas sana, maana kila aliyemuuliza alimtaja yeye. Fundi baiskeli wa sokoni Ushirombo alimtaja. Katekista alimtaja. Muuza maziwa aliyeteremka kutoka milimani na madumu yake alimtaja pia, kisha akatema mate pembeni. Kudra aliliona hilo la mate lakini hakulitilia maanani.

"Ukitaka njia za baiskeli kule juu, ni Athanas," alisema muuza maziwa. "Hakuna kijiji ambacho hajafika."

"Ni mtu mkweli?"

"Hajawahi kutuletea uongo. Ingekuwa heri angetuletea."

Kudra alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara akisikia neno "mkweli" hasubiri yanayofuata. Yeye, Mama Masudi kwa waliomzoea, ni mzaliwa wa Ujiji. Aliingia Katoro na furushi moja la viatu vya mitumba, akahamia vipuri vya baiskeli, kisha vya pikipiki. Dhahabu ya watu wengine ilipita mikononi mwake miaka kadhaa, naye akaiacha ipite, mradi imwachie vumbi lake. Vumbi hilo ndilo lililojenga nyumba ya wageni Ushirombo. Sasa walikuwa wanakuja watu wa namna mpya: wamevaa kofia ngumu na suruali za kubana, wanapanda baiskeli kwa kupenda, si kwa kukosa nauli. Walilala, wakala chapati, wakauliza: "Hapa kuna nini cha kuona?" Kudra hakuwa na jibu. Kuulizwa bidhaa usiyonayo ni aibu, na Kudra alikuwa havumilii aibu ya namna hiyo.

Alimkuta Athanas uani kwake anapaka grisi mnyororo wa baiskeli yake, Foniksi nyeusi, kuukuu, iliyonyooka kama siku ilipotoka dukani.

"Shikamoo, Mzee Athanas."

"Marahaba, mama."

Kudra akaeleza. Anataka njia ya baiskeli ya siku moja: kuanzia kanisa la zamani la misheni, lile la matofali, kupitia mabani ya kukaushia tumbaku, kupanda kwenye tanuri za wahunzi wa kale ambako bado mavi ya chuma yametapakaa ardhini, mpaka Itanga, kijiji kilichozungushiwa minyaa, palipokuwa makao ya mtemi na ngoma yake. Athanas alisikiliza kama mtu anayesimuliwa mvua iliyonyesha wilaya nyingine. Kudra akataja malipo, akianzia chini kabisa ili wapandishane.

"Sawa," alisema Athanas.

Kudra alichukia. Bei ni maelewano, na mtu asiyebisha anakunyima raha ya kujua umempata au hukumpata. Tena asiyebisha ni wa aina mbili: ana nyingi, au kilichobaki hakimuumi.

"Hivyo tu, mzee? Huna neno?"

"Ninayo matatu. Kengele sipigi. Nyumba za watu siingii mpaka niitwe. Na nzengo ikiniita naacha wageni wako hapo hapo njiani, naenda."

Nzengo ni umoja wa kaya za kijiji, wale wanaozikana, wanaolimiana na kutozana faini. Kudra aliijua. Asichokijua ni kazi gani nzengo ingempa mzee wa miaka sitini na zaidi.

"Haya. Na wewe mwenyewe, kwa nini umekubali?"

Athanas akazungusha pedeli, akasikiliza mnyororo. "Njia ni zile zile. Nikipita peke yangu, nikipita na watu, ni zile zile."

Kazi ya nzengo aliijua wiki iliyofuata, walipokwenda wawili kukagua vilima. Athanas mbele na Foniksi yake, Kudra nyuma na baiskeli ya kuazima, anahema, khanga imefungwa kiunoni juu ya suruali. Kila walipokaribia nyumba, watu walisimama. Hawakutoka kusalimia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mihogo aliweka mikono kichwani, akabaki hivyo, macho yakifuata gurudumu la mbele la Athanas. Walipopita, mikono ikashuka, akacheka peke yake kama aliyeponea ajali.

"Hawa umewafanya nini, mzee?"

"Sijawafanya kitu. Nawaletea habari."

"Habari gani?"

"Za misiba."

Wakashuka kwenye mteremko wa mawe, wakikokota baiskeli, naye akamweleza. Tangu ujana wake, mtu akifa, nzengo humtuma yeye kwa ndugu wa marehemu. Milimani simu haishiki, na hata pale inaposhika wazee hawataki. Wanasema msiba hauletwi na sauti isiyo na uso. Mjumbe akifika habishi hodi, wala hasimamishi baiskeli kwa stendi. Anailaza langoni, ubavu mmoja. Mwenye mji akiona baiskeli imelala anajua kabla hajaambiwa, anapata nafasi ya kushika kitu. Mjumbe haketi, hanywi maji, hasalimii. Anasema, "Nimetumwa," kisha anataja jina. Basi.

"Na wewe unasema hivyo tu, bila hata pole?"

"Pole ni ya majirani. Mimi nikianza kulia, nani atasikia jina?"

Yaliyobaki Kudra aliyapata kwa majirani. Athanas alikuwa na mtoto mmoja, Benjamini, aliyekwenda kuchimba karibu na Katoro. Mvua ilinyesha, duara, shimo la kuchimbia dhahabu, likaporomoka, na Benjamini akawa ndani. Nzengo ilitaka kumtuma mtu mwingine kwa mke wa Athanas, Salvina. Mtu mwingine nani? Athanas akapanda baiskeli, akafika kwake, akailaza langoni mwake mwenyewe. Salvina alikuwa anapepeta mtama. Akaiona baiskeli, akamwona mume wake, akachungulia nyuma yake kama atatokea mwenye msiba huo. Athanas akasimama mbele ya ungo. "Nimetumwa," akasema. "Benjamini hatunaye."

Salvina aliwaambia majirani kwamba angeweza kuyasahau yote, lakini hilo la "nimetumwa" hapana. Baada ya matanga akarudi kwa ndugu zake Ushetu. Athanas hakumfuata. Hakuna aliyemtuma.

Kudra alizichukua habari hizi akaziweka pamoja na habari nyingine za biashara. Zilimaanisha kitu kimoja: mzee huyu kweli anajulikana kila mahali. Kwamba anajulikana kwa nini, aliona litarekebishika.

Baiskeli sita alizinunua Mwanza, mitumba ya Ulaya, za gia, fremu nyepesi. Muuzaji, jamaa mmoja mwenye maneno mengi, alizifunga stendi na keria, akapandisha bei.

"Kaka, unaniuzia baiskeli au unaniuzia vyuma?" Kudra alimwambia. "Milimani stendi ya nini? Toa stendi, toa keria, toa na bei."

"Mama, utanifilisi."

"Ukifilisika njoo Ushirombo, nitakupa chai."

Akaondoka nazo akiwa ameridhika. Athanas alizizunguka mara moja zilipofika.

"Hazina stendi."

"Zitaegemezwa, mzee. Miti imejaa!"

Athanas akarudi kwenye Foniksi yake. Hakuwa analipwa kwa maneno.

Kilichobaki ni Itanga, na bila Itanga hapakuwa na safari. Mgeni hatoki kwao kuja kutazama mahindi. Mwenyekiti wa nzengo ya kule alikuwa Mzee Mwigulu, mfupi, mwenye sauti ya kuchoka. Kudra alimpelekea sukari na majani ya chai, wakaongea asubuhi nzima. Mwishoni Mwigulu akatoa neno: waje mara moja, wazee wawaone. Wakiwa watu wa adabu, njia inafunguliwa na nyumba ya ngoma itaoneshwa. Wakileta fujo, njia inafungwa na asirudi tena, yeye na sukari yake.

"Fujo gani, mzee wangu? Hawa ni watu wa kupiga picha na kunywa maji."

"Mimi nimesema tu."

Kwa hiyo siku ya kwanza ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wageni walikuwa sita: Wazungu wanne na wawili wa klabu ya baiskeli ya Mwanza. Mmoja wa hao wawili ni Rebeka, mwalimu, mwenye mapaja ya chuma na mdomo usiotulia. Kudra alifuata nyuma kwa bodaboda, amebeba mipira ya akiba ya magurudumu, ndizi na chupa za maji.

Walikwenda vizuri. Kanisani walipiga picha. Kwenye mabani walinusa tumbaku. Kwenye tanuri za wahunzi, Mzungu mmoja aliokota kipande cha mavi ya chuma, Athanas akamtazama mpaka akakirudisha. Kisha kilima cha mwisho, kirefu, cha mchanga na mawe, jua limesimama utosini.

"Mzee Athanas!" Rebeka alipiga kelele kutoka nyuma. "Hiyo Foniksi yako ina injini umeificha wapi?"

"Haina."

"Basi ni wewe una injini!"

Athanas hakucheka. Wageni walikuwa wameshampenda kwa hilo. Walisema ana utulivu.

Walipofika kwenye lango la Itanga, pale minyaa inapoachia nafasi ya ng'ombe wawili kupita, Athanas alifanya kila kitu kwa uangalifu. Hakupiga kengele. Alisimamisha Foniksi kwa stendi, mbali kidogo, ionekane imesimama. Akavua kofia. Mzee Mwigulu akamwita mara moja, akamwita tena, naye akaingia kuwatangulia wageni, kama desturi inavyotaka.

Nyuma yake wageni walikuwa wamekwisha. Kupanda kile kilima na gia au bila gia ni kupanda tu. Mmoja akashuka, akaangalia minyaa, akakumbuka alivyoonywa kwamba utomvu wake unapofusha macho, akaona hapana pa kuegemeza. Akailaza baiskeli chini. Wa pili akailaza kando yake. Kufumba na kufumbua zikawa zimelala zote sita katikati ya lango, ubavu mmoja, na wenyewe wamejinyoosha kivulini nje ya uzio wanatafuta chupa za maji.

Bodaboda ya Kudra ilikuwa bado inapanda.

Aliyeziona kwanza ni Justa, mwanamke wa makamo, anatoka kisimani na ndoo kichwani. Aliona sita chini. Akainua macho, akamwona Athanas amesimama uani, kofia mkononi, ana uso ule ule.

Ndoo ikaanguka.

Vijana wa Itanga, zaidi ya kumi, walikuwa wanachimba pamoja kule machimboni, duara moja. Kila mtu pale aliweza kupiga hesabu hiyo bila kufundishwa. Sita kati yao. Lakini sita gani?

"Mayu!" Justa alilia. "Mayu! Duara limewameza!"

Sauti moja ikawa tano, tano zikawa kijiji. Wanawake walitoka na unga mikononi. Mwingine alijitupa chini, mwingine alikimbia na kurudi, hajui anakwenda wapi. Wanaume wawili walikwenda moja kwa moja kwenye kona yanakowekwa majembe na sepetu, maana kuchimba makaburi ndiyo kazi yao, wakazitoa wakaziweka nje. Mzungu mmoja akasimama na kamera, anatabasamu, akidhani ndiyo mapokezi. Rebeka akaishusha kamera ile kwa mkono wake.

"Siyo," alimwambia. "Hapa kuna mtu amekufa."

Kudra alifika akakuta hali hiyo. Alitazama lango, akatazama zile baiskeli, akakumbuka maneno yake mwenyewe kule Mwanza: toa stendi, toa na bei.

Justa alikuwa amemshika Athanas shati.

"Sema! Ni yupi? Wangu yumo?"

"Sikutumwa," alisema Athanas.

"Sema jina, Athanas!"

"Sikutumwa. Hakuna msiba."

Lakini alilisema kwa sauti aliyozoea kuwaambia majina, na uso ni ule ule, na hakuna mtu Itanga aliyewahi kumsikia akisema habari nyingine. Wangemwaminije? Justa alimpiga kifuani kwa ngumi, ya kwanza, ya pili. Athanas alisimama tu. Kisha akamshika mikono, akaishusha, akamzunguka, akatoka langoni.

Akainua baiskeli ya kwanza. Akaangalia pa kuiweka, hapana. Akamwita Mzungu mwenyewe kwa kidole, akamkabidhi. "Shika." Akainua ya pili, akamkabidhi mwenyewe. "Shika." Wageni wakasimama mstari mmoja, kila mmoja ameshika usukani wake kama askari wanaokaguliwa. Kila baiskeli iliyoinuka, sehemu ya kilio ilipungua, kama mtu anafunga mabomba. Ya sita ilipoinuka, walibaki wanalia Justa na mwanamke mmoja wa upande wa pili ambaye alikuwa haoni lango.

Wifi yake Justa, Evelina, alikuwa ameshapanda juu ya jabali linaloshika simu kidogo. Alipiga, ikakatika. Akapiga, ikakatika. Akapiga tena, kijiji kizima kinamtazama.

"Halo? Halo! Mko wangapi? Nasema mko wangapi?" Akasikiliza. Kisha akageuka, akapaza sauti kutoka juu: "Wako wote! Wanakula ugali! Wanauliza nani kafa!"

Justa aliketi kwenye tope la ndoo yake.

Kucheka kulikuja, kwa wachache. Hasira ndiyo iliyokaa. Mzee Mwigulu aliita wazee hapo hapo, na Kudra akaitwa aketi mkekani, na Athanas akasimama nyuma yake. Mwigulu alizungumza kwa sauti yake ya kuchoka.

"Watu wazima wameliliwa. Mtu hai akililiwa ni kuitwa upande wa pili. Wale vijana watachinjiwa, waje wale wao kwanza, tuondoe hili. Ng'ombe dume. Na njia imefungwa."

Hapo Kudra akawa yuko nyumbani. Kilio hakukiweza, lakini mkeka huu aliujua.

"Mzee wangu, nimekosa, sipingi," alisema. "Hawa wageni hawajui, mimi ndiye nilipaswa kujua. Ila ng'ombe dume kwa baiskeli kukosa stendi?"

"Kwa kilio, siyo kwa stendi."

"Kilio kimekatika kabla hakijaiva. Mbuzi."

"Mbuzi!" Mzee mmoja alicheka kwa dharau. "Huyu mama anataka tuwasafishe vijana zaidi ya kumi kwa mbuzi!"

"Wawili."

"Wanne na mchele wao," alisema Mwigulu.

"Watatu na mchele. Na njia inafunguliwa, na kila mgeni akija nzengo inapata fungu lake, na baiskeli zangu zote nitazifunga stendi, hata ya tairi la akiba nikiweza."

Wazee wakanong'onezana. Mbuzi watatu wakakubalika. Fungu likakubalika. Kisha Mwigulu akainua mkono.

"Bado moja. Mtu mmoja hawezi kutuletea wageni na kutuletea misiba. Tukimwona Athanas anapanda kilima tunataka tujue tukimbilie sufuria au tukimbilie majembe. Achague."

Kudra aliona njia inapita mbele yake kama khanga inayochukuliwa na upepo, akaidaka.

"Ataleta wageni," alisema.

Wazee walimtazama Athanas. "Mwenyewe unasemaje?"

Athanas alikuwa anatazama lango, ambalo sasa halikuwa na kitu.

"Mama ameshasema," alijibu.

Wakati wa kuteremka, Kudra aliiacha bodaboda itangulie, akatembea kando ya Athanas. Alijua amelipa kwa mali isiyo yake, na hakupenda kuacha hesabu imening'inia.

"Nimekutua mzigo, mzee. Kazi ile haikuwa ya mtu."

"Huenda."

"Umeudhika?"

Athanas alifikiri. "Sijui," alisema, na ilionekana kweli hajui.

Biashara ilishika. Stendi zilifungwa, nzito, kwenye baiskeli zote sita na kwenye alizoongeza baadaye, wageni wakalalamika zinapiga kelele mawe yakizigusa, na Kudra akawaambia ni sheria ya nchi. Itanga wakazoea. Wanawake waliandaa maziwa ya mgando na karanga, Justa akawa muuzaji wa kwanza, na bei yake ilikuwa kali. Watu sasa walimsalimu Athanas kwa mbali, "Mwangaluka, Athanas! Leo umetuletea wangapi?" Aliingia nyumba za watu, akapewa kigoda, akanywa maziwa. Aliyanywa kama alivyokunywa maji ya mto, bila kusema ni matamu. Uso haukubadilika. Kudra alikuwa ametarajia ubadilike kidogo, si kwa mapenzi, ila mwekezaji hutazama alichowekeza.

Kazi ya misiba ilichukuliwa na Deogratias, kijana wa bodaboda, mchangamfu, shabiki wa Yanga asiyeweza kukaa kimya hata ibada ikiendelea. Wazee walimwona mwepesi, lakini alikuwa na pikipiki.

Kiangazi cha pili, asubuhi moja, Athanas alikuwa uani kwa Kudra anaziba pancha. Wageni wanane walikuwa mezani wanakunywa chai kabla ya kuondoka. Deogratias akaingia na pikipiki yake, akaisimamisha kwa stendi, akazima muziki.

"Shikamoo, mzee! Mama Masudi, shikamoo! Chai ipo? Jamani jua la leo."

Alipewa chai. Akakaa. Akasema bei ya tumbaku imekuwa ya matusi. Akasema kuhusu penalti ya Jumamosi. Athanas alikuwa anajaza upepo mpira wa gurudumu, anaushusha ndani ya beseni la maji, anatafuta mapovu. Deogratias akamaliza kikombe, akajifuta mdomo.

"Halafu mzee, ee, kuna lile la Ushetu. Walinipigia jana. Yule mkeo wa zamani, Salvina. Amefariki. Presha, nadhani. Pole sana, mzee."

Mapovu yalitoka kwenye tundu dogo karibu na valvu. Athanas aliweka kidole hapo.

"Asante," alisema.

Deogratias aliondoka. Athanas akapiga msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akabandika kiraka, akarudisha tairi, akajaza upepo, akaibonyeza. Kudra alimtazama kutoka jikoni. Alikuwa anafikiri ampe siku ngapi, na nani atawaongoza hawa wanane. Ndivyo alivyo, kichwa chake hakikai bure.

Athanas akanawa mikono. Akachukua Foniksi, akaikokota nje ya geti, akapanda, akaenda mpaka kwenye kona ya kanisa. Kudra alidhani ameondoka bila kuaga, akaanza kukasirika. Kisha akamwona anageuka. Alirudi taratibu, bila kengele. Alipofika getini akashuka. Hakugusa stendi. Aliilaza Foniksi katikati ya geti, ubavu mmoja, akavua kofia, akapita kati ya meza za wageni bila kuwatazama, akasimama mbele ya Kudra.

Kudra si mtu wa milima ile, na mwanawe Masudi alikuwa Katoro dukani, mzima. Hata hivyo aliishika fremu ya mlango.

"Nimetumwa," alisema Athanas. "Salvina hatunaye."

Hakuketi. Hakuongeza. Kwake hapakuwa na mtu wa kupelekewa habari hiyo. Pengine ndiyo maana aliileta pale. Kudra alisubiri yafuatayo, naye alikuwa anasubiri pia, mikono imening'inia, kama mjumbe anayesubiri kuambiwa arudi na jibu gani. Wageni waliacha kutafuna.

Kudra hakulia, maana hakumjua Salvina, na machozi ya bandia hakuyauza wala kuyanunua. Ila alimjua huyu mzee kiasi cha kutosha kuona kilichokosekana.

"Nenda Ushetu," alimwambia. "Nakutuma mimi. Waambie umetumwa."

Athanas akavaa kofia. "Sawa, Mama Masudi."

Akainua Foniksi, akapanda, akashika barabara ya kusini. Kudra akatoa khanga nyeusi sandukuni, akaifunga bega moja, akawaambia wageni wamtafutie kofia ya saizi yake. Siku hiyo aliwaongoza mwenyewe. Kwenye kile kilima alishuka akatembea, kama kila mtu. Itanga walimwona anakuja mbele bila Athanas, wakaiona khanga nyeusi, wakasimama wote mpaka aliposimamisha baiskeli yake kwa stendi, taratibu, kila mtu aone.

Athanas hakurudi kazini. Habari zilizofika ni kwamba alilala matanga yote, akaomba pa kulima kwa ndugu wa Salvina, wakampa, na kwamba alionekana anapalilia karibu na kaburi, uso ule ule. Hakuna aliyesema analia. Baiskeli aliiuza.

Kudra alibaki na njia. Mawe yote ya kilima kile anayajua sasa, na wageni wanaongezeka. Akifika kwenye kona ya mwisho kabla ya minyaa hupiga kengele, kwa nguvu, mara nyingi kuliko inavyohitajika, na Justa hutoka na maziwa akimwambia aache kelele, wamemsikia.